Mifuko ya Upepo Nyuma ya Pikapu: Yafanya Nini, na Haifanyi Nini

Mkulima, ukisimama kando ya barabara ya Namanga pale Kitengela asubuhi, utaziona pikapu zilizoinuliwa juu, zenye magurudumu makubwa, zikivuta trela za ng'ombe, za maji na za nyasi kavu. Nyingi zimeshuka nyuma kama fisi, na taa zao za mbele zinatazama mawinguni. Wenye magari hayo wamekwisha kuambiwa na mafundi kwamba dawa yake ni moja tu, yaani kutia mifuko ya upepo nyuma. Dawa hiyo ni ya kweli. Lakini mtu asiyejua inaponya ugonjwa gani anaweza kuitumia akaikunja chasisi ya gari lake, na gari lenye chasisi iliyokunjwa ni hasara ambayo mkulima mdogo haisahau upesi.

Zamani mfugaji wa Kaputiei aliwapeleka ng'ombe kwenye majani. Siku hizi mara nyingi ni majani yanayopelekwa kwa ng'ombe. Ranchi za vikundi zilizoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1968 zimegawanywa nyingi, ua umejengwa kila upande, na mwenye ekari zake chache hana tena mahali pa kuhamia. Ninyi mnaolima katika skimu za makao mnaijua hali hiyo tangu siku mlipopewa ploti. Shamba halisogei, kwa hiyo chakula cha ng'ombe wa gredi lazima kije kwa magurudumu. Tena mvua zilipokosekana misimu mitano mfululizo, tangu mwisho wa mwaka 2020 mpaka mwisho wa 2022, watu wengi wa Kajiado walitambua kwamba gari la kuvuta trela ni sehemu ya boma sawa na kisima.

Sasa tuhesabu. Robota moja la nyasi kavu lina kilo 15 hivi. Marobota 100 ni kilo 1,500, na trela yenyewe bila mzigo yaweza kuwa na kilo 600. Maji ni rahisi zaidi kuhesabu: lita 1,000 ni kilo 1,000, mbali na tangi. Maksai mkubwa wa Sahiwal hupita kilo 400. Watu husema, "Ni nyasi tu," na nyasi ni nyepesi mkononi, lakini gari halijui kama ni nyasi au ni mawe.

Kwa nini basi gari liinuliwe juu? Aliyewahi kulala garini katika udongo mweusi wa Isinya wakati wa masika hahitaji kuelezwa. Udongo ule hushika ekseli kama gundi, na makorongo ya kuvukia yana mawe. Fundi huinua nyuma kwa kuweka kipande cha chuma kati ya ekseli na springi, au kwa kubadili springi zenyewe, na mbele vivyo hivyo kwa njia yake, mara nyingi sentimita 5 au zaidi. Hatulaumu. Lakini jua kwamba springi haikupata nguvu yoyote kwa kuinuliwa. Chuma kile cha katikati ni kama kiti alichopewa mtoto asimamie: amekuwa mrefu, hakuwa mtu mzima. Ukipakia mzigo, nyuma itashuka kama ilivyokuwa ikishuka kwanza.

Hapo ndipo mifuko ya upepo huingia. Ni mipira minene yenye nyuzi ndani yake, imekunjwa mikunjo miwili au mitatu, na kila mmoja hukaa kati ya ekseli na chasisi, mmoja kushoto na mmoja kulia. Springi za chuma hubaki mahali pake. Mifuko husaidia tu. Si kitu kigeni. Mabasi ya Greyhound ya Marekani yaliyoanza kazi mwaka 1954 yalikalia mifuko ya namna hii badala ya springi, na kampuni ya Air Lift ya huko Lansing, Michigan, ilianzishwa mwaka 1949 kwa kazi hiyo ya kusaidia springi za magari madogo. Hata hapa kwetu, basi kubwa likisimama kituoni ukasikia likipumua kama ng'ombe anayelala chini, huenda ndiyo mifuko hiyo unayoisikia.

Uzuri wake ni kwamba unaweza kuibadili. Ukienda na mzigo, watia upepo. Ukirudi mtupu, watoa. Mkulima aliyeongezewa vyuma vya springi pale kwa fundi hawezi kufanya hivyo: gari lake ni gumu siku zote, maziwa humwagika njiani, na mama aliyekaa nyuma hufika akilalamika mgongo. Mifuko pia huzuia gari lisigonge chini kwenye matuta, hupunguza kuyumba, na hurudisha taa chini ili anayekuja mbele yako usiku asipofushwe. Hayo yote ni faida, na hatutaki mtu asome gazeti hili akadhani tunaikataza.

Uzito hauendi mahali

Shika neno hili kabla ya kutoa fedha. Mfuko wa upepo huinua mkia wa gari, wala hauongezi hata kilo moja ya mzigo ambao kiwanda kimeruhusu. Ekseli ni ile ile, beringi ni zile zile, magurudumu na breki ni vile vile. Kabla ya kutia mifuko, gari lililokaa chini lilikuwa likikuambia jambo. Baada ya kutia, limesimama sawa na limenyamaza, ingawa mzigo ni ule ule. Dereva akiliona limenyooka huongeza marobota mengine 20.

Tena kuna hesabu ya mkia ambayo wengi hawaifikiri. Tuseme ulimi wa trela yako unaikandamiza gololi kwa kilo 300. Gololi iko nyuma ya ekseli kwa sentimita 120, na toka ekseli ya nyuma mpaka ya mbele ni sentimita 310. Basi ekseli ya nyuma haibebi kilo 300, bali kilo 416 hivi. Hizo kilo 116 zilizozidi zimetoka mbele, kwa sababu gari ni kama bembea: ukikandamiza huku, kule kunainuka. Ndiyo maana usukani huwa mwepesi na gari halitaki kukata kona. Ukijaza upepo, pua ya gari itashuka na macho yataridhika, lakini zile kilo 116 hazirudi mbele, maana ulimi wa trela bado unakandamiza mahali pale pale. Dawa yake ni kupanga mzigo wa trela vizuri, au kutumia vyuma maalumu vya kugawa uzito ambavyo hufungwa kati ya gari na trela.

Sasa tuje kwenye chasisi. Springi ya kawaida huishika chasisi mahali pawili, mbele ya ekseli na nyuma yake, na nafasi kati yake ni zaidi ya mita moja. Mfuko wa upepo huisukuma mahali pamoja tu, juu ya ekseli kabisa. Ukiujaza sana, na nyuma yake kuna tangi la maji na ulimi wa trela vikivuta chini, umefanya kama mtu avunjaye kuni juu ya goti. Kisha piga mwendo kwenye murramu yenye mikunjo kama bati, na kila tuta ni pigo moja juu ya goti hilo. Huko Australia, ambako watu huvuta trela kubwa za kulala katika barabara za vumbi kama zetu, pikapu nyingi za milango minne zimeonekana zimekunjwa mgongo kwa njia hii, zimeinama katikati, nyuma ya kibanda cha dereva. Mifuko peke yake haikuwa na kosa. Kosa lilikuwa mzigo uliozidi, uliowekwa nyuma mno, juu ya mifuko iliyojazwa sana, kwa mwendo wa kasi. Mambo hayo manne yakikutana, chuma hakistahimili.

Kwa pikapu nyingi za milango minne za siku hizi, kiwanda huruhusu kuvuta mpaka kilo 3,500 trela ikiwa na breki zake, na kilo 750 tu ikiwa haina. Soma kitabu cha gari lako, usichukue neno la jirani. Utaona hapo kwamba trela ya nyasi tuliyoihesabu, kilo 2,100 pamoja na mzigo, haifai kabisa kuvutwa bila breki zake. Trela nyingi zinazochomelewa kandokando ya barabara hazina breki. Hilo ni jambo la kushughulikia kabla ya mifuko, si baada yake.

Kifimbo cha breki

Ingia chini ya pikapu yako, upande wa nyuma. Katika magari mengi, hasa ya Kijapani yasiyo mapya sana, utaona kifimbo cha chuma au kijispringi kinachounganisha ekseli na kifaa kidogo kilichofungwa kwenye chasisi, na mabomba ya breki yanaingia humo. Kazi yake ni kupima mzigo. Chasisi ikishuka karibu na ekseli, kifaa kinajua gari limepakiwa, kinapeleka nguvu zaidi kwenye breki za nyuma. Chasisi ikiwa juu, kinadhani gari ni tupu, kinapunguza nguvu ili magurudumu ya nyuma yasikwame yakateleza.

Sasa wewe umeinua gari, kisha ukatia mifuko ukaliinua tena likiwa na mzigo. Kifaa kile hakina macho. Kinaona chasisi iko juu, kinasema, "Gari tupu," na breki za nyuma zinalegea siku ile ile unayozihitaji kuliko siku zote, ukiteremka na ng'ombe sita nyuma yako. Kwa hiyo mwambie fundi waziwazi: "Fundi, nataka hiki kifimbo cha breki kirekebishwe kufuata kimo kipya." Akikujibu kwamba hakina kazi na kwamba yeye hukikata, mshukuru, uchukue funguo zako uondoke. Magari mapya zaidi hugawa nguvu za breki kwa umeme na hayana kifimbo. Hata hayo yataka kupelekwa kwa mtu anayeyajua.

Kufunga mifuko kwenye gari lililoinuliwa

Mifuko huuzwa kwa gari la kimo cha kawaida. Gari lako likiwa juu sentimita 5, nafasi kati ya ekseli na chasisi imeongezeka, na mfuko wa kawaida utakaa umenyooshwa kama shingo ya kuku. Utachanika upesi. Nunua seti iliyotengenezwa kwa gari lililoinuliwa, au yenye kipande cha chuma cha kuongeza kimo chini ya mfuko, ili gari likisimama kwenye kimo chake mfuko uwe katikati, haukukunjika kabisa wala haukunyooka kabisa. Usikubali kipande cha mti, wala bomba lililokatwa likachomelewa harakaharaka.

Jaribio lake ni rahisi, nawe ukae hapo utazame. Tegemeza magurudumu ya mbele kwa mawe, fundi apige jeki chini ya chasisi mpaka magurudumu ya nyuma yaning'inie, kisha aweke stendi imara, maana jeki peke yake haiaminiki. Hapo shokomzoba, si mfuko, ndiyo inayopasa kuzuia ekseli isishuke zaidi. Kama mfuko ndio umekuwa kamba ya kushikilia ekseli, kazi haikufaa. Tazama pia kama bomba la breki la mpira limekazika. Gari likiinuliwa bomba hilo huwa fupi, na likikatika njiani ni msiba. Kisha gari lishushwe, na mfuko ukiwa na upepo kidogo tazama kama unagusa kitu. Yafaa mkono wako upite kati ya mfuko na springi, gurudumu au bomba la breki. Ekzosi iwe mbali, au iwekewe kinga ya bati, kwa sababu mpira na moto havikai pamoja.

Mabano ya mifuko hufungwa kwa bolti na yubolti. Chasisi isichomelewe. Kama ni lazima kutoboa tundu, litobolewe ubavuni mahali kiwanda cha mifuko kilipoonyesha, kamwe si kwenye ukingo wa juu au wa chini, maana huko ndiko nguvu za chasisi zilipo.

Kila mfuko uwe na bomba lake na tundu lake la kutilia upepo. Wapo wanaounganisha mifuko miwili kwa bomba moja ili kupunguza gharama. Fikiri unavuka korongo na gari limelala upande wa kushoto. Uzito unakwenda kushoto, unaukandamiza mfuko wa kushoto, na upepo wake unakimbilia mfuko wa kulia. Upande uliokuwa juu unainuka zaidi, na uliokuwa chini unazidi kushuka. Gari la juu lenye ng'ombe wanaosogea nyuma yake halihitaji msaada wa namna hiyo kupinduka. Tangi la maji lililojaa nusu ni vivyo hivyo, kwa sababu maji hukimbilia upande wa chini. Lijaze kabisa au liache tupu.

Kama gari lako lina bima, iarifu kampuni ya bima kabla ya kazi, na uulize ofisi ya NTSA kama gari lililobadilishwa hivyo lahitaji kukaguliwa.

Kupima ulimi wa trela nyumbani

Tumesema kilo 300, lakini utajuaje? Huhitaji mtambo. Azima mizani ya kupimia watu. Chukua ubao mgumu wa sentimita 150. Upande mmoja weka mizani na upande wa pili weka tofali, vimo viwe sawa, na juu ya kila kimoja laza kipande cha bomba ndipo uweke ubao. Toka bomba la tofali mpaka bomba la mizani iwe sentimita 120 kamili. Andika kilo ambazo mizani inaonyesha kwa ubao mtupu. Trela iwe imepakiwa, imesimama mahali tambarare, magurudumu yake yamezuiwa kwa mawe mbele na nyuma. Shusha ulimi polepole ukalie ubao sentimita 30 toka bomba la tofali, ukiwa karibu na kimo cha gololi. Toa zile kilo za ubao, kisha uzidishe zilizobaki mara 4. Mizani ikionyesha 75, ulimi una kilo 300.

Kipimo kizuri ni kama sehemu moja katika kumi ya uzito wote wa trela, au kuzidi kidogo. Kwa trela yetu ya kilo 2,100, kilo 210 mpaka 300 zafaa. Ukipata 450, rudisha marobota nyuma kidogo, juu ya magurudumu ya trela. Ukipata 80, usifurahi kwamba gari limepona. Trela yenye ulimi mwepesi huyumba kama mkia wa mbwa ukipita kilomita 60 kwa saa, na ikianza kuyumba mifuko haitakusaidia.

Kumbuka pia kwamba gari lililoinuliwa limeinua na gololi. Trela itatazama juu, na ikiwa ina ekseli mbili, ile ya nyuma itabeba zaidi ya mwenzake. Tumia chuma cha gololi kilichoshushwa mpaka trela ikae sawa na ardhi.

Kutia upepo

Kabla ya kupakia, chukua futi ya fundi upime toka kitovu cha gurudumu mpaka ukingo wa bodi juu yake, mbele na nyuma, kila upande. Andika kwa rangi ndani ya mlango. Pakia, funga trela, pima tena. Kisha tia upepo kidogokidogo. Usitafute nyuma irudi kwenye kimo cha gari tupu, kwa kuwa gari lenye mzigo lina haki ya kushuka kidogo; simama pua inapokaribia kimo chake cha kwanza na taa zikaangaza barabara. Ukiona umefika kwenye kipimo cha mwisho cha kiwanda, ambacho kwa mifuko mingi ya mikunjo ni pauni 100 kwa inchi ya mraba, na gari bado limekaa chini, jibu ni kushusha mzigo.

Kompresa ya fundi wa pancha ni kali mno kwa kazi hii. Mfuko ni mdogo kuliko gurudumu, nao hujaa kwa kufumba na kufumbua. Pampu ya mguu yatosha, na geji iwe yako mwenyewe. Ukirudi mtupu toa upepo, lakini usiutoe wote: acha pauni 5 au kile kiwanda kilichoandika, kwa sababu mfuko mtupu hujikunja vibaya ukajitafuna. Ukifika nyumbani toka barabara ya vumbi, osha mikunjo kwa maji safi, maana mchanga wa Bissil hukata mpira kama msasa, na angalia miiba ya migunga.

Siku ya kwanza baada ya kufunga, jaza mpaka pauni 60, andika kipimo, lala. Asubuhi pima tena. Ikiwa imeshuka sana, paka maji ya sabuni kwenye kila kiungo cha bomba, nawe utaona povu likichemka mahali penye kosa. Mara nyingi ni bomba lililokatwa upande. Likate upya kwa wembe, sawasawa, ulirudishe. Kisha vuta trela ikiwa na nusu ya mzigo mpaka Kajiado na kurudi, na kabla ya kuifungua trela ingia chini ukaze nati zote tena.